UZI: Kwa nini matangazo ya zamani ya televisheni ya Japani hayatoki kichwani?

Mzee wa Nagoya (mwanzisha uzi)

Habari za leo, wadau. Niliishi Nagoya kuanzia 1987 hadi 1992 nikisomea uhandisi, na katika bweni letu palikuwa na televisheni moja tu, iliyowekwa juu ya kabati la ukumbi wa chakula. Mengi niliyosomeshwa nimeyasahau. Kuna tangazo moja, hata hivyo, ambalo nikifumba macho ninaliona lote, tangu mwanzo hadi mwisho.

Ni tangazo la Krismasi la kampuni ya reli ya JR Tokai. Msichana anakimbia ndani ya stesheni akiwa na zawadi mkononi, anapenya kati ya watu, anamwona mpenzi wake akija upande wa mlango wa tiketi, na badala ya kumwita anajificha nyuma ya nguzo na kuuegemeza mgongo wake hapo, akihema huku akijizuia kucheka. Wimbo unapanda, tangazo linakwisha. Nauli haikutajwa, wala kasi ya treni. Stesheni ile ilikuwa ya Nagoya, na mimi nilikuwa nikipita penye nguzo zile kila Jumamosi.

Hoja yangu ni hii: matangazo ya Japani ya miaka ile yalikuwa sanaa kamili, na yanakumbukwa kwa sababu hayakushughulika na kuuza. Waliowahi kuishi kule, au walioyaona kwa njia nyingine yoyote, naomba mchango wenu. Nani ana maelezo bora zaidi?

Kiboko ya Ziwa

Asante kwa uzi huu, mkuu. Kama sikosei, unalozungumzia ni tangazo la 1988, lile ambalo kijana anatokea nyuma ya nguzo akitembea kinyumenyume kwa mtindo wa Michael Jackson, uso ameuficha kwa zawadi.

Dada wa Yokohama

Ndugu Kiboko, umechanganya matangazo mawili, na hulaumiki kwa sababu yote yana nguzo na yote yana zawadi. La 1988 ni la Fukatsu Eri: anamsubiri mpenzi wake, watu wote wanapita na kwisha, midomo imeanza kumwinama kwa huzuni, ndipo kijana anapotokea akiteleza kinyumenyume. La 1989, ambalo Mzee wa Nagoya amelieleza, ni la Makise Riho. Wimbo ulikuwa uleule, «Christmas Eve» wa Yamashita Tatsuro. Ulitoka mwaka 1983 na haukufika kileleni wakati huo. Ulishika nafasi ya kwanza Desemba 1989, miaka sita baadaye, kwa nguvu ya tangazo.

Kwa hiyo, Mzee wangu, ninapingana nawe kidogo. Tangazo lile liliuza, na liliuza sana. Liliwaonyesha vijana walioachwa na wapenzi wao katika miji mingine kwamba umbali wenyewe ni mapenzi, na dawa ya umbali ni tiketi ya Shinkansen, treni ya kasi.

Mzee wa Nagoya

Nimekubali, dada. Sentensi yako ya mwisho imenikumbusha kwamba mimi mwenyewe nilinunua tiketi ile Desemba hiyohiyo, kwenda Tokyo, na nilikokwenda hapakuwa na mtu wa kunisubiri nyuma ya nguzo.

Mwalimu Kibwana

Naomba turudi mwanzo kabisa, kwa sababu historia inasaidia. Shirika la umma la NHK lilianza kurusha televisheni tarehe 1 Februari 1953, bila matangazo ya biashara. Kituo cha kwanza cha kibiashara, Nippon Television, kilianza tarehe 28 Agosti mwaka huohuo, na siku hiyohiyo likarushwa tangazo la kwanza, la saa za Seikosha, lililotangaza kwamba imetimu saa sita mchana. Husimuliwa kwamba filamu iliwekwa kinyume, ikaharibika mbele ya watazamaji, na kwamba la saa moja usiku ndilo lililokwenda sawasawa.

Hata hivyo nyimbo za matangazo zilitangulia televisheni. Mwaka 1951, mara redio za kibiashara zilipoanza, kampuni ya filamu za picha ya Konishiroku ilirusha wimbo uliotungwa na Miki Toriro kuhusu mpiga picha wa kujifurahisha ambaye picha zake zinamharibikia. Ndani ya wimbo huo jina la kampuni halimo hata mara moja. Mzee wa Nagoya anadhani kutojisifu ni tabia ya miaka ya themanini, lakini mbegu ilipandwa tangu wimbo wa kwanza.

Mwanariadha Mstaafu

Nyongeza fupi kwa Mwalimu: Konishiroku ndiyo iliyobadili jina na kuwa Konica mwaka 1987, na Mkenya mwenzetu Eric Wainaina, aliyepata medali ya shaba ya marathoni Atlanta 1996 na ya fedha Sydney 2000, alikuwa mwanariadha wa timu ya kampuni hiyo. Sikujua kwamba fulana ile ilikuwa na wimbo nyuma yake.

Fundi Redio

Maelezo yangu ni ya kiufundi. Matangazo mengi ya Japani ni ya sekunde 15. Katika sekunde 15 huwezi kueleza kwamba sabuni yako ina kemikali gani na inatofautianaje na ya jirani, kwa hiyo unabaki na mambo matatu: sura, sauti fupi na neno moja. Vitu hivyo vitatu ndivyo ambavyo ubongo huvishika bila kutaka. Angalieni tangazo la Mandom la 1970, ambalo Charles Bronson anajimwagia manukato, anajipapasa kidevu na kutamka jina la bidhaa, basi. Kampuni yenyewe iliitwa Tancho. Bidhaa ikavuma kupita mama yake, na mwaka 1971 kampuni ikaacha jina lake la zamani na kujiita Mandom.

Dada wa Yokohama

Ndugu Fundi, lile la Makise Riho nililiona katika toleo refu kuliko sekunde 15, na lile tangazo la mti la kampuni ya Hitachi lilikuwa na wimbo mzima. Ufupi hauelezi yote.

Bint Shella

Samahani kwa kuingilia, mimi sijawahi kufika Japani, ila ninalo swali ambalo nimetembea nalo tangu utotoni. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinunua magari na vyombo vya mitumba kutoka Japani hapo Mombasa. Siku moja alileta nyumbani mashine ya video, na ndani yake mlikuwa na mkanda uliosahaulika. Mwenyewe alikuwa amerekodi kipindi cha mapishi, na katikati matangazo yalikuwa yamerekodiwa pamoja nacho. Sisi watoto tulikuwa tunayapitisha mapishi mbio ili tufike kwenye matangazo.

Moja lina kima aliyesimama wima kando ya ziwa, amevaa vipokea sauti masikioni, macho amefumba, hatikisiki. Uso wake ni wa mtu aliyepata habari njema na hataki kumwambia yeyote. Jingine lina mti mmoja mkubwa sana wenye matawi kama mwavuli, na watu wanaimba pamoja. Haya ni matangazo ya nini?

Mwalimu Kibwana

Karibu sana, Bint Shella. Hapa hakuna kuingilia.

Kima wako anaitwa Choromatsu, na tangazo ni la Walkman ya Sony, mwaka 1987. Wapo Wajapani wengi wanaolihesabu miongoni mwa matangazo bora kabisa waliyowahi kuyaona, na kisa chake ni hichohicho ulichokieleza: hakuna anayezungumza juu ya sauti safi, ila unaona kwenye uso wa mnyama kwamba sauti ni safi.

Mti ni wa Hitachi. Wimbo ulianza 1973, ukatungwa na Kobayashi Asei, na maneno yake yanauliza, «Mti huu, ni mti gani?» Kampuni ina mamia ya biashara, kuanzia treni hadi majokofu, na haikuwezekana kuzitaja zote, kwa hiyo wakaonyesha mti. Mti wenyewe uko katika bustani ya Moanalua, kisiwa cha Oahu, Hawaii, si Japani, na majani yake hujikunja jioni. Hitachi huilipa bustani ile kwa ruhusa ya kuutumia, na Wajapani husafiri kwenda kuuona.

Kiboko ya Ziwa

Kumbe Hawaii! Miaka yote niliapa kwamba ni mti wa Serengeti, na nimewahi kumbishia Mjapani juu ya jambo hilo.

Mama Zuhura

Kiboko, mwanangu, leo ni mara ya pili unasahihishwa, vumilia.

Mimi nilikwenda na mume wangu Osaka mwaka 1985, na nilijifunza Kijapani jikoni, kutoka kwa matangazo. Mwalimu wa darasani alikuwa akisema haraka na mara moja, lakini tangazo linarudi mara kumi kwa siku, polepole, kwa maneno yaleyale. Sentensi ya kwanza niliyoweza kuisema yote bila kukosea ni ya Kincho, kampuni ya dawa za wadudu, ya 1986: «Teishu genki de rusu ga ii.» Maana yake, mume mzuri ni mwenye afya njema na asiyekuwepo nyumbani. Tangazo lilikuwa la dawa ya kuzuia nondo kwenye makabati ya nguo, na wanawake wa mtaa walisimama pamoja wakalitamka kama kiapo. Nililisema sokoni, muuza samaki akacheka hadi akaniongezea samaki mmoja.

Wanaume walipokuwa kazini hadi usiku wa manane, tangazo hilo lilikuwa linasema lililokuwa mioyoni mwa wake zao. Maelezo yangu mimi ni kwamba watungaji walisikiliza watu. Mfano mwingine ni ule wa Fujifilm, 1980. Bibi mmoja anapeleka dukani picha zake zichapishwe, na muuzaji, aliyeigizwa na Kishimoto Kayoko, alitakiwa kumwambia kwamba wazuri watatoka wazuri zaidi na wasio wazuri nao watatoka wazuri. Kiki Kirin, aliyeigiza yule bibi, alipinga: haiwezekani, huo ni uongo. Ikabadilishwa ikawa, wasio wazuri watatoka «sorenari ni», yaani kwa kadiri yao. Nchi nzima ilicheka kwa sababu kwa mara ya kwanza tangazo lilikuwa limekataa kudanganya.

Mkulima wa Njoro

Mama Zuhura, umeitaja Kincho, nami siwezi kunyamaza kwa sababu babangu alilima pareto. Mwanzilishi wa kampuni hiyo, Ueyama Eiichiro wa Wakayama, alitengeneza vijiti vya kufukuza mbu kwa unga wa pareto mwaka 1890. Vijiti viliisha haraka, na mkewe, Yuki, ndiye aliyetoa wazo la kuviviringisha kama nyoka aliyejikunja. Ile dawa ya mbu ya duara tunayoichoma vyumbani ikaanza kuuzwa mwaka 1902. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili Japani ndiyo iliyoongoza duniani kwa pareto, kisha Kenya ikashika nafasi hiyo. Tangazo lao la kiangazi lenye fataki, «Kiangazi cha Kincho, kiangazi cha Japani», limedumu tangu miaka ya sitini. Nikiliona, ninanusa ghala la babangu.

Sharifu wa Muscat

Wenzangu mmelisahau la TOTO la 1982, la choo chenye maji ya kusafishia. Togawa Jun anapaka rangi mkononi, anaifuta kwa karatasi, rangi haitoki, kisha anatazama kamera na kusema kwamba hata makalio yanataka kuoshwa. Lilirushwa jioni, familia zikiwa mezani, na kampuni ikapokea simu nyingi za kulalamika. Nilionyeshwa na rafiki Mjapani hapa Muscat, naye alitarajia nishangae. Nilimwambia kwamba sisi watu wa pwani tumelijua hilo tangu kwa bibi zetu, na tulichokosa ni waya wa umeme tu.

Mwalimu Kibwana

Tumelisifu kundi dogo tu, nami naomba nilete upande wa pili. Mwaka 1969 kampuni ya mafuta ya Maruzen ilivuma kwa tangazo ambalo gari linapita kwa kasi na upepo wake unaipeperusha sketi ya Ogawa Rosa. Neno lake, «mōretsu», yaani ukali na nguvu zote, likawa neno la uchumi mzima. Mwaka uliofuata Fuji Xerox ikajibu kwa tangazo ambalo mwanamuziki Kato Kazuhiko anatembea Ginza, mtaa wa Tokyo, akiwa na bango lenye neno moja, BEAUTIFUL. Nchi ilikuwa inajibizana na nafsi yake kupitia matangazo.

Lakini aliyekuwa hodari kupita wote katika kuchora ndoto hizo, Sugiyama Toshi, aliyeongoza matangazo ya Shiseido na lile la Mobil la wanaume wawili wanaosukuma gari bila haraka, alijiua Desemba 1973. Aliacha maandishi yanayosema kwamba yeye si tajiri, hawezi kuujua ulimwengu wa kitajiri. Hana furaha, hawezi kuuchora ulimwengu wenye furaha. Na kwamba uongo hujulikana. Tusiseme kirahisi kwamba yalikuwa sanaa isiyouza. Aliyeyatengeneza aliusikia uzito wake.

Dada wa Yokohama

Asante, Mwalimu. Hilo limenipa ujasiri wa kusema langu. Mwaka 1989 tangazo la Regain, dawa ya kuongeza nguvu ya chupa ndogo, liliuliza, «Je, unaweza kupigana saa 24?» Tokito Saburo alivaa suti, akashika mkoba, akaizunguka dunia. Wimbo wake uliimbwa hata na watoto. Katika kampuni niliyofanyia kazi, mwenzangu wa meza ya jirani alipanga chupa tupu za dawa za namna hiyo kwenye dirisha, na kila Ijumaa alizihesabu kwa fahari. Wakati huohuo, tangu 1988, wanasheria walikuwa wameshafungua simu ya kupokea kesi za karoshi, yaani kufa kwa kufanya kazi kupita kiasi. Mwenzangu alianguka ofisini mwaka 1990. Alipona, akarudi kwao Kyushu, na hakurudi tena mjini. Wimbo ule ninaukumbuka wote, na ningependa nisiukumbuke.

Mzee wa Nagoya

Pole sana, dada. Na mimi niliuimba, bwenini, nikikesha na michoro.

Fundi Redio

Pole, dada yetu.

Nikirudi kwenye swali, sababu nyingine ni ya kibiashara. Kule wakala mmoja mkubwa kama Dentsu huweza kuwahudumia washindani wawili kwa wakati mmoja, na kumshambulia mshindani kwa jina hakukuwa desturi. Tume ya biashara ya haki ilitoa mwongozo wa matangazo ya kulinganisha mwaka 1987 tu, na Pepsi walipojaribu mwaka 1991 kwa kumtumia MC Hammer na kuitaja Coca-Cola, ulizuka mzozo. Usipoweza kusema «mimi ni bora kuliko yule», unalazimika kutafuta kima na ziwa.

Msambaa wa Tokyo

Mimi ni wa kizazi cha karibuni, na tangazo lisilonitoka si la bidhaa. Baada ya tetemeko la tarehe 11 Machi 2011 makampuni yaliondoa matangazo yake hewani, na nafasi zote zikajazwa na ya AC Japan, shirika la matangazo ya manufaa ya umma. Siku nzima, kila baada ya dakika chache, ulikuja wimbo wa wanyama wa katuni wanaosalimiana, «popopopōn», na shairi la Kaneko Misuzu linalouliza kama sauti inayorudi ni mwangwi. Watu walichoka hadi wakalalamika, na ule mlio wa jina la shirika mwishoni ukaondolewa. Mimi nilikaa sakafuni Tokyo, nikiwa nimevaa viatu kwa hofu ya mitikisiko iliyofuata, na salamu zile za sungura ndizo zilizokuwa zinanisemesha. Wenzangu mnasema tunayakumbuka kwa sababu ni mazuri. Mimi ninalikumbuka hili kwa sababu ya sakafu.

Kiboko ya Ziwa

Kwa maneno ya Msambaa, basi kila mtu hapa anaikumbuka sakafu yake, na tangazo limeandamana nayo tu. Mzee wa Nagoya anaikumbuka nguzo.

Mwalimu Kibwana

Safari hii sikusahihishi, Kiboko, ingawa sijakubali. Sakafu haielezi kwa nini Bint Shella, aliyekuwa Mombasa na hajui Kijapani, aliruka mapishi ili amwone kima.

Bint Shella

Nashukuru nyote. Nimekwenda kulitafuta jina la Choromatsu, na nimelia. Naomba kuuliza jambo moja la mwisho kwa Fundi: mbona katika mkanda wetu picha haikuwa na rangi, ilhali televisheni yetu ilikuwa ya rangi?

Fundi Redio

Japani ilitumia mfumo wa NTSC, na sisi PAL. Mashine ile ilitengenezewa umeme wa volti 100, kwa hiyo bila shaka baba yako aliiwekea transfoma ya kushusha umeme, na hapo ikafanya kazi. Lakini televisheni yenu haikuweza kuisoma rangi ya NTSC, ikaonyesha nyeusi na nyeupe.

Bint Shella

Transfoma ilikuwepo, tena ilikuwa inaunguruma chini ya meza na sisi tulikatazwa kuigusa. Basi yule kima, kwa rangi, yukoje?

Mzee wa Nagoya

Kima wa Japani ana uso mwekundu, mwanangu. Mwekundu kama aliyekaa karibu na jiko.

Bint Shella

Mwekundu! Miaka yote mimi nimemjua wa kijivu. Ngoja nimpigie mama simu.